Nyongeza kwenye Baruti

Mume wangu hajui kupima kitu kikaishia kwenye kipimo. Ni mtu wa milima ya Kivu Kusini, na kwao anayepima maharage akasawazisha kikombe kwa kiganja huonekana mchoyo. Sharti aongeze konzi moja juu, ndiyo nyongeza, mteja aondoke akicheka. Mimi ni wa Morogoro, nyongeza naijua, ila yake imepita kiasi. Akitia chumvi, anaongeza. Akitia sabuni kwenye mashine ya kufulia, anaongeza, na tumeshawahi kufagia mapovu hadi kibarazani, hapa hapa mtaani kwetu Iroquois, Marekani, majirani wakitutazama.

Mtu huyo ndiye aliyepewa bunduki. Jirani yetu, Mmarekani mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, alikuwa anahamia kwa binti yake. Bunduki yake ya vita vya zamani, ya mbao nzito na chuma kilichochakaa, akamwachia mume wangu. Nilinuna. Mume wangu akanieleza kwamba utotoni alizijua bunduki kwa upande wa mdomo tu, akikimbia, na alitaka angalau mara moja aijue kwa upande wa kitako. Nikaacha kununa.

Kabla ya kuhama, mzee aliipeleka kwa fundi ikakaguliwa, kisha akaketi na mume wangu jikoni kwangu akamfundisha. Risasi nyingine za dukani siku hizi zina nguvu kuliko chuma hicho kinavyoweza kustahimili. Zile za jeshi za zamani, zilizokaa miaka kwenye maboksi, huacha chumvi inayokula mtutu. Salama ni kujaza risasi mwenyewe: ganda zuri, fataki mpya ya kuwashia nyuma yake, baruti iliyopimwa kwa mizani punje kwa punje kama kitabu kinavyosema, halafu kichwa cha risasi kikandamizwe juu. Bunduki hii ni bibi kizee, alisema mzee, na bibi kizee halishwi kama mbeba mizigo. Nilikuwa nakaanga sambusa, nikayasikia yote.

Kuanzia hapo meza yangu haikuwa yangu tena. Akirudi kutoka ghalani, bado amevaa fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa, alivaa miwani ya kusomea na kujikunja juu ya mizani. Nilimtania kwa kumwita daktari. Nilimwuliza kama mgonjwa atapona. Alinifukuza jikoni kwangu mwenyewe, eti pumzi yangu inatikisa mizani.

Kaka yake mkubwa alikuwa anakuja kutoka Buffalo, alale njiani, Columbus kwa dada yao, ili Jumamosi twende wote uwanja wa shabaha. Ijumaa mchana nilipita na kikapu cha nguo, nikaona. Mume wangu alipima baruti, mizani ikatulia, akaimimina ndani ya ganda. Kisha vidole vyake viwili vikachota nyingine kidogo kwenye kibakuli, vikaidondosha juu. Hakujua hata kama amefanya hivyo.

Nikamwuliza ni hiyo tu, au na zile alizokwisha kufunga na kuzipanga kwenye boksi. Akatazama vidole vyake. Akakiri kwamba pengine na zile, ila hawezi kujua ni zipi.

"Bon, ni kidogo tu, mama," akasema kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa. "Kwetu mutu hapimake bila kuongeza."

Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba, na cha bibi kizee kilishajaa. Akacheka, mimi sikucheka. Akasema kazi yote ile hawezi kuifumua, kaka yake yuko njiani, na chuma cha jeshi hakipasuki kwa punje mbili. Labda ni kweli, mimi bunduki sizijui. Ila najua kwamba mtu akilenga, shavu hulala juu ya mbao, jicho likawa karibu kabisa na pale baruti inapolipuka. Na shavu hilo nalipenda.

"Sawa," nikasema. "Kesho risasi ya kwanza nitapiga mimi."

Alinitazama mpaka akaona kwamba sitanii. Akainuka, akachukua kigongo cha plastiki cha kung'olea vichwa vya risasi, akaanza kuzifungua moja moja.

"Donc, lete kiti," akasema bila kugeuka. "Nikiongeza, unipige mukono."

Nikaleta kiti na mwiko. Sikukaa bure: vidole vile vilikwenda kwenye kibakuli vyenyewe, na kila vilipokwenda nilivichapa. Mwishowe alikuwa anavikalia vya mkono mmoja, na nilicheka mpaka akanikumbusha pumzi yangu na mizani.

Kesho yake uwanjani shemeji alipewa heshima ya kupiga wa kwanza kwa kuwa ni mkubwa, lakini mume wangu akamwomba asubiri. Akaiinamia bunduki yeye mwenyewe, shavu kwenye mbao. Nilifumba macho na kumwomba Mungu waziwazi, shemeji akinisikia. Mlio ukapasua. Nilipofumbua, alikuwa amenigeukia, uso wote mzima, anacheka, nami nikalia mbele ya shemeji yangu bila aibu yoyote.