Mkono wa Mama Ukutani

Juzi, katika kliniki moja mjini Kisii, kijana anayenitibu bega aliniambia nisimame karibu na ukuta, nipandishe vidole polepole kama buibui. Nilicheka, naye akashangaa. Ningemwelezaje kwamba zoezi hilo nililijua kabla mama yake hajazaliwa?

Ilikuwa miaka ya sitini, rafiki yangu, kwetu karibu na Ikonge. Mama aliteleza kwenye matope akiwa na kikapu cha majani chai mgongoni, bega likateguka. Katika hospitali ya misheni walilirudisha mahali pake, wakamfunga mkono wiki kadhaa. Ulipofunguliwa, ulikuwa mgumu kama mpini. Nesi akamfundisha la kufanya: akande bega kwa kitambaa cha maji moto, ainame na kuubembeza mkono, mwisho apande ukuta kwa vidole.

"Asubuhi na jioni," alisema. "Lakini msiuvute kwa nguvu, utakakamaa zaidi."

Mimi, kifungua mimba, msichana wa miaka kumi, nilitolewa shuleni nichume chai badala yake. Kila asubuhi nilichemsha maji, moshi ukiniuma macho na uji wa wimbi ukitokota kando, kisha nikasimama ubavuni mwa mama na kipande cha mkaa. Pale vidole vilipokomea, nilichora mstari. Siku nyingine mstari ulipanda upana wa kidole. Siku nyingine haukupanda kabisa. Hata Sabato, siku ambayo jembe halikuguswa, mama alipanda ukuta.

Asubuhi moja kengele ya shule ililia ng'ambo ya mto. Vidole vya mama vilikuwa vimekwama chini ya mstari wa jana. Sijui nilipatwa na nini. Nilikishika kiwiko chake nikakisukuma juu.

Alipiga ukelele, akaketi chini, jasho likimtoka. Nilingoja kofi.

"Ni shule?" aliuliza.

"Ni shule, mama."

"Basi kesho tutaanza mapema. Lakini usinisukume tena, mwanangu."

Papara yangu ilitugharimu karibu wiki mbili za maumivu. Baba hakuambiwa kamwe.

Muhula uliofuata mama aliweza kujifunga kitambaa kichwani mwenyewe. Mkono ule haukunyooka sawasawa hadi alipofariki, lakini ulichuma chai. Mimi nikarudi darasani, nikakaa na watoto wadogo kuliko mimi, wala sikujali.

Nyumba ile ya udongo ilibomolewa zamani. Ninachokikosa si nyumba. Tulikuwa watoto sita, na asubuhi zile ndizo pekee maishani nilipokuwa na mama peke yangu, pumzi yake karibu na sikio langu, nami nikihesabu siku ziishe upesi. Siku niliyorudi shule alisimama mlangoni kuniaga. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika mtoni, nakimbia.