Ngolo Tulizomficha Muuguzi

Siku kamati ya wazazi iliponiomba nimwambie muuguzi kwamba watoto wetu hawafanyi kazi za shamba, nilipaswa kukataa. Nilikuwa mwenyekiti, na neno langu moja lingetosha. Nilisema sawa, nikafunga kikao, nikaenda nyumbani kula.

Muuguzi mwenyewe tulikuwa hatujamwona. Mwalimu mkuu wa sekondari yetu alitueleza tu kwamba anakuja mwanamke wa mkoa mwingine, anasoma chuo kikuu, na utafiti wake ni juu ya wanafunzi: wanalalaje, wanautumiaje mwili, afya zao zikoje, na mambo hayo yanawasaidia au yanawazuia vipi kujifunza. Wenzangu kwenye kamati walisikia jambo moja tu, kwamba mgeni atauliza watoto wanaamka saa ngapi na kwenda kufanya nini. Walikuwa wamewahi kupita wageni wengine wakizungumzia utumikishwaji wa watoto, na mzazi mmoja wa kijiji jirani aliitwa kujieleza kwa sababu binti yake alikutwa shambani siku ya shule.

"Akiuliza, watoto wetu wanafagia uwanja na kuosha vyombo," alisema mzee mmoja tulipokutana nyuma ya kigango baada ya misa. "Kazi hizo hata kwa mkuu wa wilaya zipo."

Tukacheka. Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne na ndimi niliyekuwa nikisemeshwa na wageni.

Huku kwetu Mpepai milima ni mikali. Ukilima hivi hivi, mvua inashusha udongo wote mtoni. Ndiyo maana Wamatengo tunalima ngolo. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba, na kwa ule udongo anayafunika majani, mpaka mlima mzima unabaki mashimo yaliyozungukwa na kingo. Maharage yanapandwa kwenye kingo, maji yanatulia mashimoni. Ni kilimo kizuri, wataalamu wanakuja kukipiga picha. Lakini picha haionyeshi mgongo wa anayechimba.

Mke wangu alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Liuli, kule ziwani. Mimi nilifyeka, yeye akachimba. Alikuwa kidato cha tatu. Alichimba kabla ya kwenda shule, akachimba tena akirudi, akapika, ndipo akafungua daftari. Sikuona ubaya. Mama yake alilelewa hivyo hivyo, na bibi yake pia.

Muuguzi akaja mwezi wa tatu, wakati wa ngolo. Alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili cha mbali na viatu ambavyo tope letu lilivimaliza siku ya kwanza. Aliniamkia shikamoo kila tulipokutana, hata mara nne kwa siku moja, mpaka nikamwambia, mwanangu, marahaba ya asubuhi bado haijaisha. Alicheka sana. Shuleni alikaa na watoto wachache wachache akawauliza. Kuhusu kazi za nyumbani walijibu walivyofundishwa na wazazi wao. Kuhusu mazoezi ya mwili hawakuhitaji kufundishwa. Walisema hawafanyi, na waliamini wanasema kweli. Kwao mazoezi ni mpira na kukimbia. Jembe ni jembe.

Siku moja alikula kwetu. Mjukuu wangu alikuwa ameshampenda. Alimuuliza mambo ya wodini, mavazi, masomo gani yanatakiwa, kama mtu anayeogopa damu anaweza kuzoea. Sikuwahi kumsikia akiongea vile. Alipomkaribisha kunawa, muuguzi alimshika mkono akaugeuza kiganja juu.

"Mdogo wangu, hii mikono umeifanya nini?"

Mtoto akaniangalia. Nikajibu mimi. "Huyo anapenda bustani, mwanangu. Ukimwacha atapanda mchicha hadi kitandani."

"Na usingizi je? Unalala vya kutosha?"

Aliniangalia tena. "Nalala, dada," akasema.

Muuguzi akauachia mkono, akanawa. Nadhani hakuniamini, lakini alikuwa mgeni nyumbani kwangu, na mimi ni mzee. Angesemaje?

Baadaye alirudi kutusomea aliyoyaona. Alieleza kwa uangalifu. Alisema watoto wengi wanasinzia darasani, ingawa kwa majibu yao wanalala vizuri na hawana kazi nzito. Jambo hilo lilimsumbua, hakuwa na maelezo yake. Kwa kuwa wote walisema hawafanyi mazoezi, alishauri shule iwape muda wa kuchangamsha mwili, taratibu, ila usingizi wao usiguswe. Maneno hayo ya mwisho nayakumbuka vizuri. Aliyasema huku akiniangalia mimi.

Sisi tulibeba neno mazoezi, la usingizi tukaliacha palepale. Mwalimu mkuu alipenda nidhamu, akapendekeza mchakamchaka wa alfajiri kwa wote, jua halijatoka, kisha usafi, kisha darasa. Akaniuliza kama wazazi wanaafiki. Niliona wazi jambo lilivyo. Watoto waliokwisha kuchoka kwa jembe wangekimbizwa ili wasisinzie. Ili kulipinga ingebidi niseme kwamba tulidanganya, nami ndiye niliyedanganya kwa mdomo wangu, mbele ya chakula. Nikasema wazazi wanaafiki.

Kazi za shamba hazikupungua. Baada ya ngolo ikaja kahawa, na kahawa ikichumwa haingoji. Inamenywa siku hiyo hiyo, la sivyo inaharibika. Mjukuu wangu akawa anaondoka giza la alfajiri na kurudi kushika mashine ya kumenya. Shuleni walimpachika jina la Bibi Usingizi. Mwalimu mmoja alinisimulia, akidhani ananichekesha, kwamba mtoto yule anaweza kukimbia mchakamchaka, akaitikia wimbo, huku amefumba macho. Nilicheka naye. Nyumbani nilimgombeza. Nilimwambia asome kama anataka uuguzi, kwamba uuguzi hausinziwi.

Mwaka uliofuata alikuwa kidato cha nne, na mambo yakaenda vile vile. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata sifuri. Hakulia. Alichambua maharage mpaka ungo ukaisha, kisha akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Babu, ningemwambia yule dada ukweli, ungenifanya nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilichoka. "Ningekasirika," nikasema.

"Basi. Nilijua."

Wiki ile akafunga nguo zake akateremka kwa mama yake ziwani. Nilimwambia atarudi kurudia mtihani, mimi nitatafuta namna. Alisema ndiyo babu, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

Nimemtembelea mara moja. Kushuka kutoka huku kwetu hadi ufukweni ni safari inayomaliza magoti ya uzee. Nilimkuta mchana amejilaza kwenye mkeka kivulini, pembeni ya chanja ya kuanikia dagaa, amelala fofofo mdomo wazi. Binti yangu alitaka kumwamsha anisalimie. Nikamkataza. Nikavuta kigoda nikakaa, nikawa nafukuza kunguru wasile dagaa. Muda wote alioishi kwangu sikuwahi kukaa hivyo nikamtazama akilala. Alipoamka aliona aibu, akaniamkia, akanipikia samaki. Alinifungia na dagaa wa kubeba. Nilimuuliza kuhusu kurudi.

"Huku nalala, babu," akasema.

Hakuwa na ukali. Alikuwa ananijibu tu lile swali la zamani, la siku ile muuguzi alipomshika mkono.

Niliporudi nilijiuzulu uenyekiti. Nikawaeleza wenzangu sababu, na wao wakaniambia ninajitesa bure, kila mtoto analima. Mchakamchaka bado upo. Nasikia miguu yao ikipita barabarani ningali kitandani, kwani usingizi wangu nao umekuwa mchache. Muuguzi sijamtafuta. Kule mlimani ngolo zangu hazina wa kuzichimba. Majani yameota, kingo zimeporomoka, mwaka huu mvua imeshusha udongo.

Nilidhani nalinda heshima ya kijiji mbele ya mgeni. Mtoto aliyetaka kuwa muuguzi hatakuwa muuguzi, na hataishi tena nyumbani kwangu.