Jino la Mke wa Fundi

"Nikikutengenezea jino mimi, hata mama yako mzazi ataapa ulizaliwa nalo!"

Fundi wa meno bandia aliyatamka hayo kwenye kipaza sauti siku kliniki ilipofungua jengo jipya, wakati alichoombwa kilikuwa kusalimia tu na kukaa. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyemkumbusha kwamba binadamu wote huzaliwa vibogoyo.

Tusimwonee, mkono alikuwa nao. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma, kati ya stoo na choo cha wafanyakazi, dirisha moja, na harufu ya plastiki ya meno iliyokwisha kumwingia mpaka kwenye soksi. Akiletewa mvuta sigara, alilitia jino umanjano kidogo, lisije likawaumbua wenzake mdomoni.

Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa kwa mkewe. Mama huyo, muuza vitambaa mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alipoteza jino la mbele miaka kumi na moja nyuma, na fundi akamtengenezea la kuvaa na kuvua. Kila Jumapili alasiri walikaa kwenye ngazi ya nyuma, fundi akilisugua jino kwa kitambaa, mkewe akimsimulia vituko vya wateja kwa ulimi unaopiga mluzi penye pengo. Watoto wenyewe hawakuwahi kuliona pengo lile. Fundi alilihesabu kuwa lake, kama mtu anavyohesabu kiwanja chenye hati.

Ndipo akaja daktari mpya. Kijana, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kulikaribia, na mashine ukubwa wa birika iliyokuwa inasaga meno. Siyo utani, meno ya watu.

"Jino lako mwenyewe tukiling'oa hatulitupi," alimweleza mke wa fundi. "Tunalikwangua uchafu, tunalisaga, tunaziosha zile chengachenga kwa dawa mpaka vijidudu viishe, halafu tunazipanda pale mfupa wa taya ulipopungua. Mfupa unazishikilia, unakua humo humo. Baada ya miezi kadhaa tunakufungia jino la skrubu. Halivuliwi tena, shemeji."

Shemeji! Fundi, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta koleo, alihisi neno limemwingia kama sindano ya ganzi isiyotia ganzi. Undugu huo waliuunga lini?

Nyumbani hali ikawa mbaya zaidi.

"Daktari kasema lile gego la mwisho, lililoota upande, ndilo litasagwa."

"Daktari kasema, daktari kasema. Mimi miaka yote hii nilikuwa bubu?"

"Wewe ulisema nising'ate kitu kigumu."

"Langu lina kasoro gani?"

"Halina kasoro, baba watoto. Linachomoka tu nikicheka."

"Basi cheka kidogo."

Mkewe alimtazama kama anavyomtazama mteja anayetaka mita mbili kwa bei ya moja.

"Na pengo kaliona?" fundi akauliza.

"Sasa angepimaje mfupa, kwa kupiga hodi?"

Siku ya kazi ilipofika, gego liling'olewa asubuhi, na nesi akampelekea fundi kwenye kibakuli. Kulikwangua ilikuwa zamu yake, kwa kuwa pale hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kumshinda. Mezani pake kulikuwa na gego la plastiki alilolimaliza jana yake kwa ajili ya mteja mwingine. Akaliangalia hili, akaliangalia lile. La mkewe akalifunga kwenye shashi mbichi, akalitia mfukoni. La plastiki akalipeleka.

Hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka mashine ikwame, daktari aaibike, mkewe arudi nyumbani na pengo lake salama. Isipokwama, alijiapiza, atapiga kelele kabla chochote hakijafika mdomoni.

Daktari akaligeuza jino mara mbili kwenye taa. "Safi kabisa, mzee. Mkono wako ni mkono."

Akalitumbukiza kwenye kikombe cha kusagia. Hakushtuka hata kidogo! Kwa sekunde tatu nzima fundi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote jengoni.

Kisha mashine ikaanza kukoroma. Nesi akashika pua.

"Mbona pananuka karakana ya fundi?"

Fundi akavuta pumzi kwa nguvu. Hakusikia kitu. Harufu ile ndiyo hewa aliyoizoea, angeijuaje? Daktari akazima mashine, akafungua kikombe. Visu vilikuwa vimegandana na uji mweupe. Akamgeukia fundi taratibu.

Kutoka kwenye kiti, chini ya taa, mdomo umekufa ganzi, ikatoka sauti: "Haha hahoho, hoa hino hangu."

Aliyeelewa ni fundi peke yake. *Baba watoto, toa jino langu.* Akalitoa mfukoni.

"Mzee, ulitaka nimpandie shemeji plastiki?"

"Usimwite shemeji."

"Nimwiteje?"

"Mwite mgonjwa."

"Na wewe nikuiteje?"

Fundi akageuka, gego mkononi. Akarudi karakana, akalikwangua gego la mkewe, doa baada ya doa, mpaka likang'aa kuliko jino lolote alilowahi kulitengeneza. Daktari akafungua kikombe kipya. Safari hii mashine ilisaga bila kunung'unika, na kufikia saa sita chenga zilikuwa zimeoshwa, zimepandwa, fizi imeshonwa juu yake.

Fundi alimsubiri mkewe kwenye korido, koti lake kakunja mikononi. Mkewe alikuwa amekatazwa kusema. Akachukua kalamu ya nesi, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa, akampa mumewe asome hapo hapo, mbele ya watu:

"Pengo lilikuwa langu. Nilikuonyesha tu."

Akatangulia kutoka.

Kikombe cha kusagia hutumika mara moja kikatupwa. Kimoja ni shilingi laki tatu na elfu arobaini, na siku hiyo vilitumika viwili.