Vijiwe vya Ambanoro

Nyumbani kwangu, kinachoruhusiwa kushuka na maji ya choo ni kile kilichotoka tumboni mwa mtu, pamoja na kipande cha karatasi laini kisichozidi kiganja. Vingine vyote, pamba, vitambaa, magazeti, karatasi za sabuni, vina ndoo yao yenye kifuniko. Wageni hucheka nikiwaeleza. Nawaeleza hivyo hivyo, kwa sababu choo kikiziba si wao watakaoinama.

Choo cha kwanza cha kuvuta nilikipata Mahajanga, mji wa bandari wa Madagaska, mtaa wa Ampisikina, miaka ya mwanzo ya uhuru. Mfaransa aliyekuwa akiishi katika nyumba ile alikuwa amerudi kwao, na mume wangu, karani wa bandarini, akaipanga. Mimi nilikulia Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be, ambako choo chetu kilikuwa shimo nyuma ya uwanja, limezungushiwa ua. Sasa nilikuwa na mnyororo wa kuvuta na maji yanayonguruma. Nilijivuna, siwezi kukataa. Jirani akija kuomba chumvi, nilimwuliza kama hataki kupitia chooni kwanza.

Sisi ni watu wa maji. Kopo lilikaa kando ya choo na lilitutosha. Karatasi ililetwa na kazi ya mume wangu. Jumapili walikuja wenzake wa ofisini, Wakristo, watu wema kabisa, na huwezi kumwonyesha mgeni kopo ukamwambia ajijue. Mume wangu mwenyewe pia alikuwa ameshajifunza huko ofisini kujikausha kwa karatasi baada ya kuchamba. Basi ikabidi nitafute ya kununua.

Gazeti lilikuwa la bure, lakini nililikataa. Kwetu maandishi hayapelekwi chooni, hata yawe ya Kifaransa na yanazungumzia bei ya mchele, maana huwezi kujua ni jina gani limo humo. Dukani kulikuwa na karatasi za chooni za aina mbili. Moja ilikuwa ngumu, inang'aa upande mmoja, na mume wangu alisema inateleza tu bila kufanya kazi. Nyingine ilikuwa laini, ya kijivu, imeviringishwa. Nilitia kipande cha kila moja katika glasi yake ya maji, na kipande cha gazeti katika glasi nyingine, nikaziacha dirishani tangu asubuhi. Adhuhuri nikazikoroga kwa kijiko. Gazeti lilikuwa bado gazeti. Ile ngumu ilikuwa imelegea kidogo tu. Ile laini ilikuwa imekuwa uji.

Mume wangu aliporudi kula aliziona, akaniuliza kama tumefungua zahanati. Nilimwambia bomba la nyumba hii lina kona nyembamba chini ya choo, na kitu kisichoyeyuka kitakaa pale konani mpaka kitutoe sisi. Tukanunua ile laini, na kwa muda mrefu hapakuwa na tatizo lolote. Nilijiona fundi.

Kisha baba yangu akafariki, na mama akabaki peke yake Ambanoro. Nilimtaka aje kwangu. Nilimtaka kwa moyo wote, nikila sina hamu, nikilala namwona akichota maji mwenyewe na mgongo ule mbovu. Yeye alikataa. Kwetu sisi ambao asili yetu ni Ngazija, kule Komoro, nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mama alikuwa hajawahi kuishi katika nyumba isiyokuwa yake au ya mama yake. Kuja kukaa chini ya dari iliyopangwa na mkwe kwake ilikuwa dunia iliyopinduka.

Tena mkwe na mama mkwe kwetu wana adabu yao. Hawali sinia moja, na mama hakuwa akimsemesha mume wangu moja kwa moja. Maneno yote yalipitia kwangu, hata tukiwa chumba kimoja. Mama husema, "Mwambie mumeo chai iko tayari," naye mume wangu, yuko hapo hapo amesikia kila kitu, hungoja nimfikishie ndipo ajibu, "Mwambie mama nashukuru." Nilikuwa kama posta.

Mwishowe alikubali kuja kutazama. "Kutazama," alisisitiza, "si kukaa." Meli ya pwani iliyomleta ingeteremka kusini na kurudi tena, na ikirudi angeamua kama anapanda au anabaki. Alishuka na furushi moja na kikapu kizito alichokataa kubebewa.

Nilimwonyesha choo kabla hata hajakaa. Nikamweleza mnyororo, kopo na karatasi, na jinsi nilivyoichagua ile inayokuwa uji. Alinisikiliza kwa heshima kubwa. Mimi sikumwuliza kilichomo kikapuni.

Ndani yake mlikuwa na vijiwe. Mama alikuwa mtu wa mafundisho ya zamani: kwanza kujipangusa kwa vijiwe vitatu, kisha maji, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa msichana. Wengi wetu tulikuwa tumeshaacha vijiwe na kubaki na maji peke yake, yeye hakuacha. Pwani ya Ambanoro ina vijiwe vidogo vyeusi, laini, na kwa kuwa alisikia Mahajanga ni mchanga mwekundu mtupu, alijaza kikapu akaja navyo. Kule kwetu vilikwenda shimoni na shimo halikulalamika. Hapa nako alivipeleka palepale vilipopelekwa siku zote, akavuta mnyororo, maji yakanguruma, vikapotea machoni. Angejuaje kwamba kuna kona?

Siku zikapita, nami nikaanza kutumaini. Alipanga upya jiko langu bila kuniuliza, na mtu anayepanga jiko haendi mahali. Hata akaanza kugombana na muuza samaki kwa Kimalagasi chake cha Nosy Be, ambacho watu wa Mahajanga walikiona kichekesho.

Ijumaa moja, meli ikiwa imesharudi na kutia nanga, mama aliingia chooni. Mume wangu alikuwa anatoka chumbani na kanzu yake ya msikitini. Nilisikia mnyororo ukivutwa, kisha sikusikia maji yakishuka. Yalipanda. Yalimwagika chini ya mlango, yakapita ukumbini na yote yaliyokuwa ndani yake, yakafika kwenye miguu ya mume wangu. Mlango ukafunguka, mama akasimama katikati ya maji yale, anatazama miguu ya mkwe wake.

Alikwenda chumbani kwake akarudisha mlango. Nilipomfuata nilimkuta anafunga furushi.

"Meli inaondoka kesho," alisema.

"Mama, ni maji tu. Nitapiga deki."

"Yamefika miguuni pa mkwe wangu. Sina uso wa kumtazama tena."

Aliyasema hayo kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. Mama akipiga kelele unaweza kumbembeleza. Akitulia, amekwisha kukata shauri. Nilitoka nikapiga deki huku nalia kwa hasira, sijui nimkasirikie nani.

Mume wangu alinawa, akaenda kuswali, akarudi. Akavua kanzu, akavaa shuka kuukuu, akapiga magoti mbele ya choo na kuingiza mkono mpaka kiwiko. Mimi nilishika ndoo. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kidogo, hatua chache tu kutoka pale.

Kwanza alitoa uji wa karatasi. Kisha mkono wake ukasimama, akanitazama. Akautoa taratibu, akafungua kiganja. Vijiwe vyeusi. Ampisikina yote usingepata kimoja kama vile.

Tulielewa sote wawili kwa pamoja. Akaviweka ndani ya ndoo kimoja kimoja, kwa uangalifu, visigongane. Akaingiza mkono tena, akatoa vingine, akaviweka vivyo hivyo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, sauti ya kusikika chumba cha pili:

"Karatasi! Si nilisema? Ni hizi karatasi zangu."

Karatasi niliyoichagua mimi! Niliyoiona kwa macho yangu ikiyeyuka! "Haiwezekani," nikaanza, na ulimi ulikuwa umeshachongoka kumweleza habari za glasi. Akanikazia macho. Nikafunga mdomo.

"Mwambie mama anisamehe," aliendelea. "Ni mimi ninayetumia karatasi nyingi. Mwambie nimemwaibisha bure."

Kijiwe cha mwisho kikamponyoka. Kilianguka ndani ya ndoo ya bati kikalia, na nyumba nzima ikasikia.

Hatukusogea. Mume wangu aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mlango wa mama ukafunguka, akatoka, leso kichwani, akaja mpaka karibu yetu. Aliitazama ndoo. Aliutazama mkono wa mume wangu, umelowa na kuchafuka mpaka kiwiko.

"Mwambie mumeo," akaniambia, "kwamba karatasi hailii ndani ya ndoo."

Akaikaza leso yake kichwani.

"Na mwambie hivi: mtu anayenifichia aibu yangu namna hii, nyumba yake siioni tena kuwa ya mkwe. Mwambie meli iende zake."

Nikamgeukia mume wangu nimfikishie maneno, kama nilivyofanya siku zote. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio badala ya maneno. Alinisubiri kidogo, akaona siwezi.

"Nimesikia, mama," akamjibu mwenyewe.