Jozi Zote Sawa

Shemeji yangu huhesabu skrubu zangu. Nikifungua mfuniko wa kiyoyozi kwenye chumba cha mashine, husimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akinong'ona moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Nikiufunga, anahesabu upya. Mwaka wa tisa huu mimi ni fundi wa viyoyozi pale Ofisi ya Usajili wa Vizazi na Vifo, na sijawahi kupoteza skrubu hata moja. Hilo halijamsaidia kitu. Amemuoa mdogo wangu, wana watoto watatu, siku ya ndoa yao shahidi nilikuwa mimi, na bado ananihesabia.

Ofisini wanamwita Hakikisha, kwa sababu neno lenyewe halimtoki mdomoni. Ukimwambia mlango umefungwa, atasema hakikisha. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani. Mdogo wangu anaapa kwamba siku alipompa habari ya mimba ya kwanza, swali la kwanza alilopewa ni nani aliyesoma kipimo.

"Sikukasirika siku ile," aliniambia. "Nilicheka. Hasira zilikuja baadaye, na mpaka leo hazijaondoka."

Hakuzaliwa hivyo. Alipoajiriwa, kijana mwembamba mwenye kicheko cha karibu, kazi yake ilikuwa kubeba tepe. Kila Ijumaa yaliyomo kwenye kompyuta kuu ya ofisi yalinakiliwa kwenye tepe, zikapangwa sandukuni, naye akazipeleka kwa gari mpaka ghala lililo upande wa pili wa mji, ili jengo likiungua majina ya watu yasiungue nalo. Siku moja akapenda tu kujua zina nini. Akaomba moja ifunguliwe kwenye mashine. Ilikuwa tupu. Ikafunguliwa nyingine, nayo tupu. Kwa wiki kumi na nne alikuwa amebeba masanduku yenye lebo safi, mwandiko mzuri, tarehe sahihi, na ndani hamna kitu. Mashine ya kunakili ilikuwa imekufa na hakuna aliyeiuliza hali. Tangu hapo, anasema mwenyewe, kitu kikiandikwa kwamba ni kizima, yeye huanza kukitafutia ugonjwa.

Tepe zilishapitwa na wakati. Siku hizi kila diski ya kompyuta kuu ina mwenzake Kituo cha Pili, mwendo wa saa nzima kwa gari. Karani akiandika hapa kwamba mtoto fulani kazaliwa, maandishi yanaingia kwenye diski yetu na papo hapo yanapita kwenye waya kwenda kwa mwenzake. Diski na mwenzake huitwa jozi. Shemeji ndiye mtunzaji wa jozi hizo. Kila asubuhi skrini yake huandika mstari mmoja: JOZI ZOTE SAWA. Mtu mwingine angeusoma akaenda kunywa chai. Yeye aliutazama kama unavyomtazama mgeni anayetabasamu kabla hujamkaribisha, kisha akanyanyua simu kumpigia mtunzaji wa kule.

Huyo tulimwita Dada Pili, si kwa jina lake bali kwa kituo chake. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, analea watoto wawili na mama yake mzazi chini ya paa moja. Mazungumzo yao niliyasikia mara nyingi nikiwa juu ya ngazi.

"Binti, nisomee ulichonacho."

"Jozi zote sawa, mzee."

"Usinisomee ya kwangu. Soma ya kwako."

"Ndiyo ya kwangu hiyo, mzee. Inasema kama yako."

"Mbona umejibu haraka?"

Mwaka wa kwanza Dada Pili alikuwa akicheka. Wa pili akaacha kucheka. Wa tatu akajifunza kuhesabu mpaka tano kabla ya kujibu, na shemeji akakata simu, akaniambia: "Umesikia alivyosita? Kuna kitu anapanga." Nilimwambia binti wa watu akijibu haraka ana kosa, akijibu polepole ana kosa, sasa afanyeje? Akaniuliza kama nimekaza skrubu ya saba.

Mara moja kwa mwaka hufanyika zoezi la maafa. Tunajifanya jengo letu limeungua. Kompyuta yetu inawekwa pembeni, ile ya Kituo cha Pili inawashwa kwa kutumia nakala peke yake, halafu makarani wanatafuta majina kumi ili kuona kama yatapatikana. Mwaka jana majina yote kumi yalikuwa ya watu wa zamani, yakapatikana. Mwaka huu lilifanyika Jumamosi. Majina sita ya kwanza yalikuja. La saba, mtoto aliyezaliwa mwaka jana, halikuja. La nane na la tisa, watoto vilevile, hayakuja. La kumi, mzee aliyefariki zamani, likaja bila wasiwasi.

Waligundua kabla ya saa sita mchana. Vizazi vyote vya miaka miwili iliyopita vilikuwa kwenye diski tatu, na kule Kituo cha Pili nakala za diski hizo tatu hazikuwepo. Kwetu zilikuwa nzima, hakuna jina lililopotea. Lakini jengo lingeungua kweli siku hiyo, maelfu ya watoto wangelazimika kuanza upya kuthibitisha kwamba wamezaliwa. Skrini, wakati wote huo, ilikuwa ikiandika JOZI ZOTE SAWA.

Shemeji hakupiga kelele. Alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Nilimwona amepata kitu alichokitafuta miaka mingi, na kwa kweli nilimwogopa.

Jumatatu akaandika barua kwa mkurugenzi, ukurasa mmoja na nusu. Mwezi uliopita Dada Pili aliomba jozi zisimamishwe kwa saa mbili ili umeme wa kituo chake utengenezwe. Kwa hiyo, barua ikasema, aliporudisha jozi aliziacha tatu nje, kisha akaichezea skrini ionyeshe sawa, na kila asubuhi akasoma uongo kwenye simu. Mwishoni akaongeza mstari: fundi wa viyoyozi, ambaye ni shemeji yangu, naye achunguzwe, kwa kuwa jina lake limo kwenye daftari la mlango wa chumba cha mashine.

Nilionyeshwa mstari huo na afisa utumishi, aliyekuwa akijikaza asicheke. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu niliyemshika mkono siku ya ndoa yake ameniandika kwenye karatasi pamoja na diski. Ila yangu yalikuwa madogo. Mimi ningeonywa tu. Dada Pili aliitwa kikaoni Alhamisi saa nne, akaambiwa aje na kitambulisho chake cha kazi. Ukiambiwa uje nacho, maana yake hutoki nacho. Unga wake ulikuwa unakwenda kumwagika, na nyuma yake kuna vinywa vitatu.

Jumanne jioni nikaenda nyumbani kwa shemeji. Nilimkuta mezani na daftari, anachora mistari ya tarehe. Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo za watoto kwenye kochi, na kwa namna alivyokuwa akizikunja nilijua hajasema yote.

"Shemeji, mstari wangu nimeuona," nikamwambia.

"Ni utaratibu. Ningekuacha wangesema nakulinda."

"Na yule binti?"

"Yule ushahidi upo."

Mdogo wangu akaweka shati chini. "Umemkuta na nini mkononi?"

"Diski tatu zisizo na nakala."

"Mkononi, baba watoto. Nimesema mkononi."

Shemeji akasema mambo haya ni ya kitaalamu. Mdogo wangu akamjibu kwamba ameishi na utaalamu huo miaka kumi na sita, na kwamba siku moja atamkosea mtu asiye na pa kwenda. Akaendelea kukunja. Mimi nikaondoka bila kumuaga shemeji, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Jumatano alasiri nilikuwa chumba cha mashine nikibadilisha chujio la hewa. Shemeji alikuwa kwenye kabati la fomu, anatafuta saini ya Dada Pili. Kwa utaratibu wa ofisi, huwezi kuingiza wala kutoa diski kwenye jozi bila kujaza fomu ya karatasi. Alikuwa ameanza na za mwezi uliopita. Saa tisa alikuwa amefika mwaka jana. Saa kumi kasoro nikagundua kwamba sisikii tena karatasi zikipekuliwa.

"Shemeji," akaita kwa sauti ndogo, "njoo unisomee hapa."

Ilikuwa fomu ya miaka saba nyuma, kabla Dada Pili hajaajiriwa. Diski tatu, namba zake zimeandikwa kwa mkono. Kichwa chake: diski za kazi za muda, zisinakiliwe. Hizo zilikuwa diski ambazo kompyuta huandikia hesabu zake za njiani kisha ikazifuta, mambo yasiyostahili kusafirishwa kwenye waya. Namba zilikuwa zilezile tatu. Chini kulikuwa na saini.

"Yako hii," nikasema.

"Iangalie vizuri."

"Nimeiangalia."

Hakuridhika. Akatoa kitambulisho chake mfukoni, akakilaza juu ya fomu, akalinganisha saini kwa saini, mkia wa herufi ya mwisho, nukta. Alikuwa anatafuta mtu aliyeighushi. Nilisimama pale na chujio chafu mkononi, nikamwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

Yaliyobaki aliyapanga mwenyewe, kwa sauti, kama anajihoji. Miaka miwili iliyopita diski za vizazi zilijaa. Wenzake wa idara ya vizazi wakataka nafasi. Wakampigia kuuliza kama zile tatu ni tupu, kwa kuwa kazi za muda zilikuwa zimehamishwa. Akazikagua mara tatu, akathibitisha ni tupu kweli, akawapa. Hakukagua kama zina wenzao kule. Hazikuwa nao. Yeye ndiye aliyezitoa.

"Na skrini?" nikauliza.

"Skrini haikudanganya." Alizungumza taratibu sana. "Nimeisoma kila asubuhi miaka yote hii. Inasema jozi zote sawa. Na diski isiyo na mwenzake si jozi. Haihesabiwi."

Akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Utaitoa kesho?"

Akafunga kabati, akalivuta kuhakikisha limefunga, akaenda zake.

Nakiri kwamba kuanzia hapo ugonjwa wake ukaniingia mimi. Usiku ule sikulala vizuri. Nilifikiri: ile fomu kaiona nani zaidi yetu wawili? Mimi ni fundi wa viyoyozi, tena mtuhumiwa. Nikisema niliiona, nayo haipo, atakayeonekana muongo ni mimi. Asubuhi nilimsubiri getini ili nimtazame mfuko. Alikuwa amevaa shati jingine.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na viti vingi kuliko watu. Mkurugenzi alikaa kichwani, afisa utumishi kando yake na kalamu. Mimi niliwekwa karibu na mlango. Dada Pili alikaa peke yake upande wa dirisha, na bahasha ya kaki mapajani. Kitambulisho alikuwa amekwisha kukivua, amekiweka mezani mbele yake, kamba imezungushiwa vizuri. Hakumtazama shemeji hata mara moja. Nilimtazama kwa niaba yake.

Mkurugenzi akasoma barua yote, mpaka mstari wangu. Akasema, "Mlalamikaji, una la kuongeza?"

Shemeji akasimama. Akagusa mfuko wa shati, akakuta hamna kitu. Halafu akatia mkono mfuko wa suruali, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Naiondoa barua hiyo, mkuu," akasema. "Diski hizo tatu zilitolewa kwenye jozi kwa fomu hii. Saini ni yangu. Nimeikagua, ni yangu. Na nilipowapa wenzangu wazitumie kwa vizazi, sikuzirudisha. Binti alikuwa akinisomea kilichopo. Fundi naye hana kosa."

Akaisukuma karatasi kwenye meza. Afisa utumishi akaacha kuandika. Mkurugenzi akaisoma pande zote mbili, akamgeukia Dada Pili, akamuuliza kama ana la kusema.

Dada Pili akafungua bahasha, akatoa karatasi moja, akaiweka kando ya ile ya shemeji. Ilikuwa fomu hiyohiyo, yenye namba zilezile na saini ileile. Kumbe kila fomu hutolewa nakala mbili, moja hubaki kwetu na nyingine huenda kwao.

"Niliipata Jumatatu asubuhi," akasema.

Shemeji alikuwa hajakaa. "Jumatatu? Kabla sijaandika?"

"Kabla, mzee."

"Sasa mbona hukunipigia, binti? Simu moja tu."

Ndipo akamtazama. Hakuwa na hasira niliyoitegemea. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyesafiri saa nzima akijua atakachoulizwa.

"Ningekupigia nikakwambia nimepata karatasi yenye saini yako," akasema, "wewe ungeniambia nini?"

Shemeji aliangalia fomu zile mbili zilivyolala pamoja. Alichukua muda mrefu, na safari hii hakuna aliyemuuliza kwa nini amesita.

"Ningesema umeighushi," akajibu. "Na hapa wote wangeniamini mimi."