Salamu Zangu kwa Watazama Ndege

Sikusoma sana lakini adabu nilifunzwa, na aibu iliyonipata kando ya mto mmoja huku Uingereza ililetwa na adabu hiyohiyo, kwa hiyo naieleza bila kujificha. Ilikuwa miaka ya tisini, mjukuu wangu Neema amechumbiwa na Mwingereza, David, na mama wa kijana akanialika twende na chama chake kutazama ndege, eti tufahamiane, maana alikuwa bado hajaikubali hiyo ndoa. Baridi ilishakwisha, njia nzima ukingoni imejaa maua ya porini, ya njano na ya buluu, nami nikavaa kitenge changu kipya (chekundu, cha kung'aa, hakuna aliyenionya).

Tukafika kwenye kibanda cha mbao chenye vidirisha vyembamba, ndani watu wazima kimya, wameukodolea mto macho kwa darubini, wanamngoja mdiria, yule ndege mla samaki, tangu alfajiri. Neema akaninong'oneza, "Bibi, hapa hawasemi."

Hawasemi? Hata msibani kwetu watu husalimiana. Nikaanza kuwasalimia mmoja mmoja, kwa mkono, kwa sauti ya mtu aliyelelewa, na bwana mmoja nilipomgusa bega akaruka, darubini yake ikaanguka kwa kishindo, na mdiria (kumbe ndiyo kwanza ametua) akaenda zake.

"Bibi, umemfukuza na salamu zako," Neema akasema, machozi yanamlengalenga.

Nikatoka nje kutengeneza mambo. Nikachuma maua, fungu zima, nimpe Mama David kwa heshima, kumbe hayachumwi na kibao kipo (miwani niliiacha nyumbani Kilburn). Niliporudi nayo, yule bwana wa darubini akaniuliza kwa upole unaotisha, "Mama, umekuja na nani?"

Neema akainamia viatu vyake. Nikaona harusi inaruka kumfuata yule ndege.

"Amekuja na mimi," Mama David akasema, uso umemwiva kama nyanya. "Huyu ni wa kwetu."

Harusi ikafungwa. Chama nacho kikaacha kumwalika Mama David, basi kila Jumamosi yuko jikoni kwangu na kikombe cha chai ya maziwa, anaongea tangu anavua koti mpaka analivaa, na mimi ndiye natafuta pa kupumzishia masikio. Nimeapa: nikiwakuta tena Waingereza wamekaa kimya, nitawaacha hivyohivyo.