Picha ya Treni na Jua la Ziwani

Burundi haina treni. Nasema mapema, msomaji asije akatafuta stesheni Bujumbura halafu anilaumu mimi. Mpaka leo sijapanda treni, na wakati wa mambo haya nilikuwa sijaiona hata moja. Lakini miaka ile ya vita, nyumba yangu ya mtaa wa Ngagara ilikuwa na treni nyingi kuliko sahani.

Zilikaa ndani ya bati la biskuti. Baba mkwe wangu alikuwa karani kwenye meli za ziwa enzi za Wabelgiji, akihesabu mizigo Kigoma na Kalemie, miji miwili ambako reli hufika mpaka majini, mmoja ng'ambo hii ya ziwa na mwingine ng'ambo ile. Bosi wake alikuwa Mzungu mwenye kamera. Kila picha iliyomharibikia, yenye mtu aliyekatwa kichwa au moshi uliomeza nusu ya gari, alimpa karani wake. Mzee alizipokea zote kwa mikono miwili. Alipofariki, bati likaja kwa mume wangu, na nyuma ya picha hakukuwa na neno hata moja.

Basi mume wangu akajipa kazi ya kuzitambua. Hii Kigoma, hii Kalemie, huyu bwana mwenye bendera anafanya nini. Jumapili tukitoka misani na kula, meza ilifutwa, kikatandikwa kitambaa cheupe, na yeye akatoa lupe yake, kile kioo cha kukuzia, utasema daktari anaingia kupasua mtu. Siku za kazi alikuwa karani wa benki kule Rohero, mpole, hasemi sana. Jumapili alikuwa profesa wa mabomba ya moshi. Milimani kunaweza kuwa kunalia risasi, sukari haionekani sokoni kwa sababu ya vikwazo, saa ya kufungiwa ndani inakaribia, yeye anauliza, "Mama watoto, njoo uone. Gurudumu hili lina matundu au ni kivuli?"

Mwanzoni nilikasirika. Meza ni moja, na mimi nina sombe, majani ya muhogo, ya kuchambua! Lakini macho hayana pazia. Nikawa napita nikichungulia, nikarudi kuchungulia tena, mwisho nikavuta kiti. Yeye aliangalia vyuma, mimi niliangalia watu. Nilimwambia, "Chuma hakina mama, angalia huyu anayekohoa." Siku moja alikuwa amekwisha kuweka picha kwenye fungu la Kalemie, nami nikaona kule nyuma kwenye kamba kuna kanga imeanikwa, na pindo lake lina maandishi. Nikamwambia, kanga yenye maneno hiyo ni Kigoma, baba, hiyo ni ya ng'ambo ya Waswahili. Akanuna mpaka chakula cha jioni. Halafu akaihamisha mwenyewe, akidhani sioni. Ninazikumbuka Jumapili hizo kwa furaha, na sioni haya kusema hivyo, ingawa nchi ilikuwa inaungua.

Nyumba ya nyuma, ndani ya ua wetu, tulimpangishia mama mmoja mzee aliyekimbia vita vya Kongo akitokea Kalemie pamoja na mkwe wake. Watoto walimwita Koko, kama kwao wanavyowaita bibi zao, nasi wakubwa tukafuata. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila kama chumvi imezidi kwenye mboga zako atakuambia palepale mlangoni. Jumapili moja alikuja kuomba moto wa kuwashia mbabula, jiko lake la makaa. Akapita mezani na kigae cha makaa mkononi. Akasimama. Nikamwona anashusha kile kigae chini, kwenye sakafu yangu niliyoipiga deki, na kabla sijafungua mdomo akasema:

"Uyu ni baba yangu."

Picha ilionyesha treni imesimama, kichwa chake kinatoa mvuke, na nyuma yake ziwa na jua limekaa chini kabisa, karibu liguse maji. Kando ya kichwa cha treni alisimama mwanamume mwembamba, kitambaa chenye madoa meupe shingoni, uzito wote ameuweka mguu mmoja, na mguu wa pili umepumzika tu, ncha ya kidole chini.

Mume wangu alimpa kiti. Koko akaeleza. Baba yake alikuwa mtia makaa kwenye treni inayotoka Kalemie kuingia bara. Alikufa Koko akiwa bado mtoto mdogo, na hapakuwa na picha yake hata moja, watu wa kawaida wangepata wapi picha. "Sura, siwezi kusema," alisema. "Sura hii ni kama siijue. Lakini kusimama ni yeye. Baba alikuwa anasimamaka hivi, mguu moja inapumuzika. Na kile kitambaa, mama ndiye alikuwa anamufungia, juu ya cheche, zisimuchome. Ndugu zangu wote walikwisha kufa. Mi nikikufa, hakuna tena mutu mwenye anamujua."

Ilikuwa zamu ya mume wangu kusema, na alisema taratibu, maana hakuwa mtu wa kuumiza wengine. "Koko, nisamehe. Picha hii ni ya Kigoma." Akamwonyesha. Jua liko chini juu ya ziwa, kwa hiyo ni jioni. Kama jua linazama ziwani, ziwa liko magharibi. Na Kalemie ziwa liko mashariki. "Baba yako alifika Kigoma?"

"Apana. Hakuvuka ziwa hata siku moja."

Nikaangalia picha, nami nikaona jioni. Jioni tupu, kama ile ninayoiona kila siku nikirudi kutoka mjini, jua likishukia milima ya Kongo. Koko akainama akachukua kigae chake. "Sawa, papa. Labda macho imezeeka." Makaa yalikuwa yamezimika. Nikampa mengine, akaondoka bila kusema lolote juu ya mboga yangu, na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki ile nilikuwa mkali kama pilipili. Mume wangu akauliza nimekosewa na nani. Nikamwambia nimekosewa na jua. Sikuwa na hoja, nilikuwa na hasira tu, kwa sababu niliona jinsi yule mama alivyoshika ukingo wa meza, na mtu hashiki meza hivyo kwa ajili ya mgeni asiyemjua.

Asubuhi moja ya katikati ya wiki nilikuwa nakoroga uji wa watoto. Niliinua mwiko, uji ukaning'inia mzito, nikasimama hapohapo na mwiko hewani. Kwenye pembe ya picha ile kulikuwa na mwanamke mwenye sufuria, nami nilikuwa nimemwona na kumpita. Nikaacha moto, nikaenda kwenye bati, nikachukua lupe bila ruhusa. Mwanamke yuko pale, ameinua upawa, na kinachodondoka si chai, kinavutika. Wanaume wawili wanapuliza vikombe. Jirani yake ana kikapu cha maandazi kimejaa mpaka juu, halijaguswa hata moja. Na mtoto mgongoni amefunikwa mpaka masikio.

"Amka!" nilimpigia kelele mume wangu. "Nani anauza uji jioni? Nani anamaliza siku na kikapu kimejaa? Hii ni asubuhi!"

Alitoka chumbani nusu shati mwilini, nusu mkononi. "Asubuhi gani, we mama, jua si hilo liko ziwa..."

Hakumaliza. Akatoka nje mpaka uani, shati likining'inia. Huku nyuma yake jua lilikuwa linapanda kutoka milimani, na mbele yake, chini kabisa, ziwa lilikuwa bado la kijivu. Akalitazama ziwa, akageuka akatazama jua, akageuka tena. Halafu akacheka peke yake mpaka majirani wakachungulia.

"Tumelelewa na jioni," alisema aliporudi. "Mtu wa Bujumbura ukimwonyesha jua na ziwa pamoja, atakuambia saa ya kwenda nyumbani imefika. Baba yangu marehemu, aliyeiona Kalemie, angetucheka. Ng'ambo ile jua linatoka majini!" Hakununa hata kidogo. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake barabarani. Akavaa lile shati vizuri, akafunga mpaka kifungo cha juu, akaenda mwenyewe kumwita Koko.

Koko alisikiliza yote, mambo ya uji na ya jua. Alitushangaa. "Lakini kwetu jua inatokaka mu ziwa," alisema. "Mulikuwa hamujue?" Kweli hatukujua. Tulikuwa tunajua kwenye ramani, na hapo ndipo penye tofauti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kisha akaomba lupe. Akakaa nayo muda mrefu, pua karibu iguse karatasi. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Basi alikuwa anaenda," alisema. "Ndiyo maana sikumujua sura. Treni ilikuwa inatoka mapema sana, mi nilikuwa bado nimelala. Nilikuwa namuonaka tu magaribi, akirudi, uso yote nyeusi ya makaa, macho tu ndiyo nyeupe. Nilikuwa nafikiri ni vile iko." Akaigusa picha kwa kidole. "Kumbe alikuwa na uso muzuri hivi."

Nililia mimi, na mume wangu akajifanya anatafuta miwani ambayo hakuwa nayo. Mtu huyu hakuwahi kumpa yeyote picha kutoka bati lile, hata kaka yake aliyeomba moja tu. Aliichukua, akaifuta kwa pindo la shati safi, akampa Koko kwa mikono miwili. Fungu la Kalemie likabaki na pengo, na hatukulijaza.

Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida, maana mtoto wetu wa mwisho alikuwa na homa. Nilitoka uani kuchota maji. Mlango wa nyumba ya nyuma ulikuwa wazi. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha misa, mbabula imewaka, uji unachemka. Picha alikuwa ameiegemeza ukutani, upande unaotazama milima, mahali jua la kwetu litakapofika kwanza.

"Koko, umeamka mapema hivi, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mutoto yangu," alisema, akimimina uji kikombeni. "Leo nimeamka mbele baba hajatoka."